Mume Wangu Haoni, Anataka Breki za Mashindano

Mshauri wangu,

Safu yako huwa naisoma huku nikisubiri pasi ipate moto, maana kazi yangu ni kushona mapazia, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi siku moja nitakaa chini nikuandikie, kwa sababu shida za humo huwa ni za wanaume waliohama kitanda na mawifi wasiotaka kurudisha funguo, na yangu mimi ni breki za gari, tafadhali usicheke, au cheka kidogo halafu unisaidie, kwani nimefika mahali nataka kumdanganya mtu ninayempenda, na kila nikijiambia hapana, kuna sauti inaniuliza mbona ni jambo dogo.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya wanaoendesha magari mtaani kwetu wamepita mikononi mwake, mpaka leo tukienda dukani mtu anapunguza mwendo na kuita, "Mwalimu," naye anainua mkono kuelekea sauti ilikotokea. Kazi yake yote aliifanya akiwa kiti cha abiria, kwenye lile gari la shule lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Alikuwa akisema kazi yake ni kukaa bila kufanya kitu mpaka itakapobidi. Alipostaafu akanunua gari la spoti, la zamani kidogo, la kijani, milango miwili, liko chini kiasi kwamba kuliingia ni kama kukaa kwenye beseni. Nilinuna kwelikweli. Halafu akanipakia, nikamwona kwenye kona za mlimani anatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka jambo zuri la utotoni, nikaishiwa nguvu za kununa.

Kisha macho yakaanza. Presha ya macho, walisema, na madaktari walijitahidi kwa yote, lakini ilikula kutoka pembeni kuja katikati, kwanza akawa anagonga bega kwenye fremu za milango, baadaye akawa anamimina chai nje ya kikombe. Kabla hajafika mwisho wa kuona, mshauri, alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashindwa kuingiza uzi kwenye sindano: alinifundisha mimi kuendesha. Nilikuwa nimevuka hamsini na sijawahi kushika usukani, mguu wangu wa kulia ulijua kanyagio la cherehani tu, naye akanifundisha kwa haraka na kwa upole, kama mtu anayehama nyumba na anataka anayebaki ajue swichi zote zilipo. Siku nilipopata leseni alinipa funguo na tangu hapo ananiita Dereva. Sasa hivi haoni kitu, labda kutofautisha mwanga na giza.

Basi kila Jumapili asubuhi tunatoka. Tunachukua barabara kuu, tunapanda zile kona, juu kabisa tunageuza, tunarudi. Hatuendi kumwona mtu wala kununua kitu. Yeye anasikiliza injini, ananiambia, "Weka ya tatu, usiikabe," au anakaa kimya amegeuzia uso dirishani upepo umpige. Na kuna mahali huwa anauliza, "Mwendo gani, Dereva?" na hapa, mshauri, ndipo ninapoona aibu, kwa sababu mshale huwa uko sabini, themanini siku nikiwa jasiri, na mimi namwambia mia na ishirini. Mara ya kwanza niliropoka tu, sijui ilitoka wapi, lakini akatabasamu lile tabasamu la kwenye kona, na mimi nilikuwa sijaliona muda mrefu sana, nikawa nampa kila Jumapili.

Jambo la pili ni mguu wake. Tukikaribia kona tu, mguu wake wa kulia unakandamiza zulia, kwa nguvu, huku mdomo unaendelea kuniuliza habari za wateja wangu kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine. Zulia limechakaa pale. Sijawahi kumwambia kwamba nauona. Kinachoniuma ni kwamba alinifundisha mwenyewe, akanisifu mwenyewe, na bado haniamini.

Sasa mwezi uliopita, tukiwa mezani, akasema, "Nataka tubadilishe breki za gari."

Nikamuuliza zilizopo zina nini.

"Hazina kitu."

"Sasa kwa nini?"

"Nataka zilizo bora," akasema, akaendelea kula.

Kumbe alikuwa anazisikiliza siku nyingi, ile sauti ya simu inamsomea maoni ya watu, na akazijua zote: diski kubwa zenye matundu, kalipa za pistoni sita, yaani ile mikono inayobana diski, na pedi za mashindano, zile zile za magari ya mbio. Na ujue kwamba mtu huyu tangu macho yaondoke hajaomba kitu. Shati namchagulia mimi, chakula namwambia nyama iko upande huu na mboga upande ule, anasema asante. Ni mara ya kwanza kusema nataka. Wifi yangu aliposikia akasema, "Liuzeni hilo gari, mnachezea nini?" mume wangu akaondoka mezani akipapasa ukuta.

Tukaenda gereji kwa fundi wetu, wote tunamwita Grisi, naye pia alifundishwa udereva na mume wangu. Grisi akampa diski mkononi, na mume wangu akaipitishia kidole gumba taratibu kama mimi ninavyopima kitambaa, akauliza maswali ya mtu anayejua. Grisi akamweleza kwamba pedi za mashindano hazishiki vizuri mpaka zipate moto, akasema, "Na kwa mwendo wa mama," halafu akanitazama, kwa sababu ameshaniona ninavyoendesha, nami nikamtikisia kichwa anyamaze. Mume wangu akasema, "Tutazipasha moto."

Alipokwenda kukaa garini Grisi akanivuta pembeni. Akasema, "Mama, zile ukizifunga, asubuhi utakanyaga na gari litaendelea kwenda. Niachie mimi. Nitafunga pedi nzuri za kawaida, kalipa hizi hizi nitazipulizia rangi nyekundu, nimwambie Mwalimu ndiyo zenyewe. Kwani ataona?"

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetaka kunipunguzia mzigo. Lakini lile neno limenichoma kama pini iliyosahauliwa kwenye nguo, na kibaya zaidi, sikumwambia hapana, nilimwambia nitakupigia, na mpaka leo sijampigia, na mume wangu kila asubuhi anauliza kama vifaa vimefika.

Naomba unisaidie. Nimkubalie Grisi nimdanganye mume wangu kwa usalama wetu wote wawili, au nimnyime kitu pekee alichoniomba, au nifungiwe breki ninazoziogopa? Na ule mguu, mshauri, nifanye nini na ule mguu?

Ni mimi,
Dereva wa Jumapili

*

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa mapazia,

Sikucheka. Sawa, nilicheka pale pa beseni. Baadaye nililazimika kuiweka barua yako chini na kwenda kusimama barazani kidogo. Pole kwa macho ya mume wako, na hongera kwa leseni, kwa sababu naona hakuna aliyekupa hongera ya kutosha. Sasa futa uso tuongee, maana nina ugomvi na wewe.

Tumalize kwanza ya chuma, ndiyo rahisi. Sijui breki, kwa hiyo nilimpigia binamu yangu anayetengeneza magari ya mbio, nikamsomea barua yako. Anasema Grisi yuko sahihi kuhusu pedi. Zile za mashindano zimetengenezwa kwa mtu anayekanyaga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache, zikiwaka moto ndiyo zinang'ata. Kwako wewe zitakuwa baridi safari nzima, zitapiga kelele, zitakula diski, na siku mbuzi akikatiza mbele yako zitakuangusha. Hizo kalipa za pistoni sita nazo zinadai pampu ya breki inayolingana nazo, na huenda rimu zako zisizitoshe. Ila, na hili sikiliza, mume wako naye hajakosea kutaka breki bora. Kuna pedi za barabarani zenye nguvu kuliko za kawaida, na zinashika hata zikiwa za baridi. Mafuta ya breki ya gari la zamani huwa yamenyonya maji, yabadilishwe yote. Mipira inayopeleka hayo mafuta kwenye magurudumu ikizeeka inavimba ukikanyaga, iwekwe mipya iliyosukwa kwa waya. Na mtazame tairi, kwa kuwa breki inasimamisha gurudumu, gari linasimamishwa na tairi. Binamu anasema fanya hayo na gari hilo litasimama vizuri kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Umeona? Kumbe kulikuwa na jibu ambalo si uongo na si kunyimwa. Lilikosekana kwa sababu wewe na Grisi mlikuwa mnanong'ona pembeni.

Na huo mpango wa Grisi, umeupima lakini? Ameniambia mengi kwa ile rangi yake nyekundu. Kama mumeo hataona, rangi ni ya nini? Ni ya majirani. Ni ya kila mwanafunzi wake wa zamani atakayesimama kuuliza, "Mwalimu, umeweka breki gani?" Yaani uongo huo utahitaji mtaa mzima uushikilie, na mtu mmoja tu katikati ndiye hajui. Ungependa kumwona mume wako amesimama katikati ya watu namna hiyo? Halafu mtu anayesoma diski kwa kidole gumba, siku moja atainama kwenye gurudumu kuliosha gari lake, atapitisha mkono, atahesabu pistoni. Sitaki uwe jikoni siku hiyo ukimsikia anavyonyamaza.

Sasa tuje kwenye uongo ambao tayari umefungwa kwenye gari, tena umeufunga wewe bila fundi. Mia na ishirini. Dada, umekaa ukajiuliza mumeo anachagua breki za gari gani? Anachagua breki za gari linalokata kona za mlimani kwa mia na ishirini, mikononi mwa mwanamke aliyejifunza juzi, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye unayemwambia hivyo kila Jumapili. Ningekuwa mimi nisingeomba pistoni sita, ningeomba nanga. Unalia kwamba hakuamini, kumbe anaamini kila neno unalomwambia. Hilo tabasamu nalielewa. Nani asingependa kulirudisha. Lakini umelilipia kwa hofu yake, na yeye hajui kwamba hana sababu ya kuogopa.

Mguu uache. Mguu huo umekaa juu ya breki ya pili maisha yake yote ya kazi, ungekandamiza hata akiendeshwa na rubani wa ndege. Ila usiendelee kujifanya huuoni. Ndoa yenu ina mambo mengi mno ambayo mmoja anaona na mwingine haoni. Punguza.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mkae ndani ya hilo gari, limezimwa, uani kwenu, mchana. Mwambie mwendo wa kweli. Itaje namba yenyewe, usizungukezunguke, na usitangulize machozi, kwa sababu ukilia ataanza kukubembeleza wewe na mazungumzo yatakufa. Mwambie Grisi alikuambia nini na kwamba ulichelewa kukataa. Halafu muulize tena, "Kwa nini unataka breki?" Alikujibu neno moja nawe ukaridhika. Safari hii nyamaza mpaka aseme.

Baada ya hapo nendeni gereji wote wawili, na Grisi aseme mbele yake yale aliyokunong'oneza. Mume wako achague kati ya vile vinavyofaa, aguse, aulize, abishane, hiyo ni haki yake. Na wewe una kura, kwa sababu mguu unaokanyaga ni wako. Akitaka rangi nyekundu, zipakwe nyekundu, na aambiwe ni nyekundu.

Gari msiuze. Wifi yako mpe salamu zangu.

*

Majuma machache baadaye mwandishi wa barua hii alituletea maandishi mengine. Tunayaweka hapa kwa ridhaa yake na ya mume wake.

Mshauri wangu,

Nilifanya ulivyosema, isipokuwa pale pa machozi.

Tulikaa garini uani, nikamwambia, "Huwa ni sabini. Ile mia na ishirini sijawahi kuifikia maishani mwangu."

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza unajua nini.

"Mke wangu, hili gari likifika mia na ishirini linalia tofauti. Naijua sauti hiyo kuliko sauti ya dada yangu. Nilijua tangu Jumapili ya kwanza. Ila ulikuwa unasema kwa bidii sana, kama mtu anayetaja bei huku anaomba isipunguzwe. Nikaona nisikunyime."

Kwa hiyo hapo mshauri hukupatia, samahani, alikuwa haamini hata neno langu moja. Nikamuuliza basi breki za nini. Nikanyamaza kama ulivyoniagiza, na nilinyamaza muda mrefu, mpaka jirani akatoka, akatuona tumekaa kwenye gari lililozimwa, akarudi ndani.

Ndipo akasema, "Zamani nikiwa kiti hiki nilikuwa naona mtoto anayetaka kukatiza kabla mwanafunzi hajamwona. Nasema, angalia kulia, na mwanafunzi anaangalia. Sasa siwezi kukuambia kitu. Uko peke yako pale na mimi nimekaa hapa kama mzigo wa sokoni. Nikafikiri, kama siwezi kumpa macho, angalau nimpe kitu kitakachosimama."

Hapo ndipo nilipolia, na kweli akaanza kunibembeleza, na kweli mazungumzo yakafa, lakini yalikuwa yameshafika.

Tulikwenda kwa Grisi. Akarudia maneno yake yote mbele ya Mwalimu, ameinamisha kichwa, akaomba msamaha. Mume wangu akamwambia, "Hata mtihani wa udereva ulifeli mara ya kwanza," yakaisha. Wakachagua pedi za barabarani, akazinusa, akazikwaruza kwa kucha, akabishana kuhusu mafuta ya breki mpaka Grisi akaenda kuleta chupa aina nyingine. Kuhusu rangi akasema hapana, nani ataziona, akacheka peke yake, mimi na Grisi tukatazamana hatujui kama tumeruhusiwa.

Kumbe pedi mpya lazima zizoeshwe. Unakwenda kwenye barabara tupu, unaongeza mwendo, unakanyaga bila kusimama kabisa, unaachia, unaongeza tena, hivyo hivyo mara nyingi. Grisi alitaka kunifanyia. Mume wangu akasema, "Hapana, huyu ni mwanafunzi wangu." Basi nikaendesha, naye akakaa ameweka kiganja kwenye mlango na mgongo umegandamana na kiti, na sauti yake ikarudi, mshauri, ile ya kazini, sikuwa nimeisikia tangu nilipopata leseni. "Kanyaga. Zaidi. Shikilia. Achia. Unawahi kuachia, subiri nikuambie. Tena." Kila kitu alikijua kupitia kiti. Alijua gurudumu la mbele kushoto linashika kabla ya la kulia, alijua nimekaza mabega. Harufu ya kuungua ilipoanza nikataka kusimama, akasema, "Usisimame. Nenda taratibu, zipigwe upepo, zipoe zenyewe." Nguo yangu ilikuwa imeloa jasho kama nimefua.

Tukarudi. Njiani nikamsimulia habari za mteja mmoja anayetaka pazia la dirisha ambalo bado hajalijenga, na hakunijibu. Nikadhani nimemuudhi kwa kitu. Kwenye taa nyekundu nikageuka kumtazama. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani. Tangu nianze kumwendesha hajawahi kulala humu ndani, hata dakika moja.

Nilifika mtaani kwetu nikaliona geti letu, nikalipita, nikazunguka tena.